Uso Alioupa Ukuta

Harufu ya mbegu za pamba ni nzito, ina mafuta ndani yake, na hukaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Ghala la ushirika la kijijini kwetu, katika kata ya Busawe, lilinukia hivyo mwaka mzima, hata miezi ambayo ndani hapakuwa na gunia hata moja. Lilikuwa jengo refu la bati, na ukuta wake wa mbele haukuwa na dirisha. Chini ya ukuta huo palikuwa na uwanja wa udongo uliokanyagwa na magari ya pamba hadi ukawa mgumu kama sakafu. Kiangazi kimoja nilipokuwa bado shule ya msingi, pamba ikiwa imekwisha kubebwa na watu wana nafasi, uwanja huo ulikuwa jukwaa letu. Pale nilijifunza karibu kila ninachokijua kuhusu maigizo. Pale pia nilianza kumdharau mtu mmoja, na tangu hapo sijapata sababu ya kuacha.

Baba yangu alikuwa katibu tarafa. Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye, katibu tarafa alikuwa mtu aliyekaa kati ya wilaya na vijiji, akipokea amri kutoka juu na malalamiko kutoka chini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha viwili hivyo havikutani. Baba aliifanya kazi hiyo vizuri. Lakini alikuwa pia mtunzi wa michezo ya kuigiza, na mtunzi mzuri. Ningependa kusema alikuwa mbovu, ingenirahisishia mambo, lakini si kweli. Asubuhi alivaa suti ya kaunda, akaketi ofisini penye harufu ya wino wa stensili, na watu wakamwita Katibu. Jioni alichomoa shati nje ya suruali, akaja uwanjani, na watu wale wale wakamwita Mwalimu. Mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo. Aliyemwita Katibu wakati wa mazoezi alizungushwa uwanja mbio, naye baba akicheka pamoja na wengine. Aliwaambia wageni kwamba kiongozi ambaye hana sanaa ni nusu mtu, na msanii ambaye hana cheo ni nusu mtu vilevile, na kwamba yeye alikuwa amefanikiwa kuunganisha nusu hizo mbili. Alilisema hilo mara nyingi. Hakusema kwamba mwigizaji aliyekosa mazoezi alifuatwa nyumbani na mgambo.

Mchezo wa msimu ule ulimhusu mwanamume aliyepokea ng'ombe wa mahari ya binti yake, akawauza mnadani mmoja mmoja na kuwanywa. Ndoa inapovunjika na ng'ombe wakidaiwa, hana hata mkia wa kurudisha. Mama mkwe wake anakuja kumsuta mbele ya watu, naye, kwa aibu na pombe, anamgeukia yule mama na kumtukana. Baada ya matusi hayo binti anasimama, anasema maneno machache, na mchezo unaisha. Binti alikuwa mimi. Maneno yangu yalikuwa: "Baba, wale ng'ombe walikuwa mimi." Sikuwa na mengine mchezo mzima. Niliyasema njiani kwenda kisimani, niliyasema nikisaga ulezi, niliyasema kwa sauti ya chini na ya juu, mpaka mama akaniambia niwaache ng'ombe wapumzike.

Yule mlevi aliigizwa na Mwita, muuza nyama wa pale senta. Usimfikirie mtu mnyenyekevu. Alikuwa na majivuno kupita kiasi, alitaka kusifiwa kabla na baada, na alidai kwamba hata ng'ombe aliowachinja walikuwa wakimtazama kwa kumpenda. Mama mkwe wa kwenye mchezo aliigizwa na Wankuru, mama mjane asiye na undugu wowote naye, mwenye ulimi mkali kuliko visu vya Mwita. Kabla ya kila zoezi alimsogelea akamnong'oneza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mkwe wangu, ile nyama ya jana ililia mbuu kama ng'ombe, au ilimlilia punda mwenzake?" Mwita alimjibu kwamba punda wote wa kijiji walikuwa wameolewa ukoo wa kina Wankuru, hivyo hakubaki wa kuchinja. Kisha mchezo ulianza, na watu hao wawili walitoweka. Walibaki mlevi na mama mkwe, na mimi nikawa nawaogopa wote wawili.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Neno chafu halitoki kinywani mwake yule mama akiwa mahali pa kulisikia. Hili halijaandikwa popote na halihitaji kuandikwa. Ndiyo maana watu walitoka hadi Kenyamonta kuja kuangalia mazoezi tu: walitaka kumwona mtu mzima akilitamka lisilotamkika, huku wakijua kwamba Wankuru si mkwewe na kwamba hakuna aliyeharibikiwa.

Tatizo lilikuwa moja. Mama mkwe halisi wa Mwita, Bibi Ghati, aliishi jirani na ghala, naye alipenda michezo kuliko mtu yeyote. Ufumbuzi ulipatikana bila kikao. Bibi Ghati alikuja na kigoda chake akaketi nyuma ya ghala, upande wa pili, mahali asipoweza kumwona Mwita wala kuonwa naye. Sauti ilimfikia kupitia jengo tupu. Kila mtu alijua yupo, na kila mtu alikubali kwamba hayupo. Kabla ya kuanza, Mwita aliuliza kwa sauti, "Nyuma ya ghala kuna mtu?" Na sisi sote tukajibu, "Hakuna mtu, ni mbuzi tu." Nyuma ya ghala mbuzi huyo alikohoa kwa furaha. Baba mwenyewe alilijibu swali hilo pamoja nasi kila jioni. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Habari zikaja kwamba kiongozi mmoja kutoka mbali angepita kukagua shughuli za maendeleo, na kwamba angependa kuona kikundi chetu. Uzito wa ugeni huo ulijulikana hata na sisi watoto. Mgeni akifurahi, kikundi kingechukuliwa kwenda kuigiza Musoma, labda mbali zaidi. Mwita alikwisha kuanza kuaga wateja. Mimi nilijiona nimesimama chini ya taa za umeme, nikiwaambia watu wa mjini kuhusu ng'ombe. Na baba, tulisikia mama akimwambia jirani, alikuwa anatajwa kwa cheo cha wilayani.

Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakuja tena uwanjani. Alikuja Katibu. Alipima uwanja kwa hatua, akachora kwa chokaa mahali pa meza kuu, mahali pa wazee, mahali pa wanafunzi. Viti vya walimu vilikusanywa na kuvikwa vitambaa vya kufuma. Soda zililetwa na kufunikwa kwa magunia yaliyolowanishwa. Aliandika risala, na risala ilikuwa ndefu kuliko mchezo. Tulipomwomba angalau zoezi moja la mwisho, alisema mazoezi yamekwisha, sasa ni utekelezaji. Sijawahi kulisahau neno hilo. Mtu aliyekuwa akikaa chini nasi, akitafuta namna mlevi anavyoshika fimbo asiyoihitaji, sasa alituangalia kama anavyokagua mifereji ya maji: je, imechimbwa au haijachimbwa.

Siku yenyewe aliagiza mambo mawili, na kila moja peke yake lilikuwa na mantiki. Eneo la nyuma ya ghala liwe wazi, kwa sababu magari ya wageni yangeegeshwa pale na usalama ulitaka pasiwe na mtu. Na wazee wa kike waketi mstari wa mbele, karibu na meza kuu, kwa sababu mgeni alijulikana kwa kupenda kuona wazee wameheshimiwa. Mgambo walikwenda nyuma ya ghala, wakamkuta Bibi Ghati na kigoda chake. Alijaribu kuwaeleza. Walikuwa vijana wetu, walimwelewa vizuri sana, lakini agizo lilikuwa la Katibu. Wakamleta mbele, wakamketisha katikati ya mstari. Baba alikuwa amesimama pale na kipaza sauti cha mkono. Alimwona. Nami nilimwona akimwona. Aligeuza uso kutazama barabara, kwa sababu vumbi la magari lilikuwa limekwisha kuonekana.

Hotuba zilikuja kwanza, kisha risala, kisha ngoma. Mchezo ulianza jua likiwa kali. Sisi tuliokuwa tunasubiri zamu tulisimama kwenye ukuta wa ghala, mgongo kwenye bati la moto, tukiutazama uwanja na watu nyuma yake. Mwita aliingia akipepesuka, akainua kichwa ili auone umati wake, kama alivyozoea. Akamwona mama mkwe wake, hatua chache mbele yake, macho kwa macho.

Bibi Ghati alivuta khanga akafunika kichwa na uso, akataka kuinuka. Mgambo aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega, naye akaketi tena. Sote tulidhani Mwita atatoka. Hakutoka. Aligeuka akawapa watu mgongo, akatuelekea sisi tuliokuwa ukutani, na akaanza.

Hakutumia sauti. Maneno yote ya mlevi, majibizano yote, aliyafanya kwa midomo tu, bila mlio wowote. Wankuru alikuwa mwanamke mwerevu. Alielewa mara moja, naye akashusha sauti yake, akawa anasuta kwa mnong'ono ambao haukufika popote. Umati ulikuwa unayajua maneno kwa moyo, umeyasikia jioni nyingi. Waliutazama mgongo wa Mwita na kila mmoja akayajaza maneno mwenyewe kichwani. Na ilipofika zamu ya matusi, mimi niliyebaki peke yangu ukutani nikisubiri maneno yangu ndiye niliyekuwa mbele ya uso wake.

Nimeangalia waigizaji wengi tangu wakati huo. Sikusoma sanaa chuoni. Nilijifunza kwa vitabu vilivyochakaa nilivyonunua mitumba, na kwa kurudia kipande kimoja cha filamu hadi nijue mkono ulianza kusogea lini. Hivyo nasema kwa kupima, si kwa mapenzi ya utotoni. Sijaona kitu kama uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayetukana na papo hapo anaomba radhi kwa kutukana, na aibu hizo mbili, ya mlevi na ya Mwita, hazikuchanganyika. Ungeweza kuziona zimekaa bega kwa bega. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakulifuta. Watu wote wale walikuwa wamekuja kuangalia, na waliopewa uso huo ni ukuta wa ghala, Wankuru na mtoto mmoja.

Mgeni rasmi alimwinamia baba akasema kitu. Ni haki yake. Hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa hasikii kitu na anaonyeshwa mgongo. Sentensi moja tu ingetosha kumweleza. Baba alikuwa na kipaji cha maneno, alikuwa amefanya kazi msimu mzima juu ya desturi hiyo hiyo, na katika uwanja mzima hakuna aliyefaa kuliko yeye kueleza kilichokuwa kinatendeka. Badala yake akasimama na kuinua kipaza sauti.

"Mwita. Geuka. Mgeni rasmi yuko huku."

Mwita aliendelea. Midomo yake ilikuwa katikati ya tusi.

"Mwita Marwa, nakuagiza, geuka."

Hapo alisimama. Fimbo ya mlevi ilibaki juu. Alizungumza kwa sauti yake ya kila siku, ya kuuza nyama, bila kugeuza kichwa.

"Anayesema ni nani? Ni Mwalimu, au ni Katibu?"

Nilimtazama baba. Uwanja mzima ulimtazama. Nilikuwa na uhakika wa jibu, kama mtoto anavyokuwa na uhakika. Nilikwisha kuvuta pumzi kwa ajili ya maneno yangu, kwa sababu akisema Mwalimu, mchezo ungeendelea.

"Ni Katibu," baba alisema, na kipaza sauti kikalipeleka hadi ng'ambo ya barabara.

Mwita aliiweka fimbo chini taratibu, akaambaa ukuta wa ghala hadi mwisho wake, akakata kona, akaenda zake. Hakumpita mama mkwe wake. Baba alimgeukia mgeni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, sote tulisikia: "Samahani sana, mheshimiwa. Huyu kijana amelewa."

Mwita hakuwa ameonja pombe siku ile. Katika uwanja ule baba ndiye aliyelijua hilo vizuri zaidi, maana ndiye aliyewakataza waigizaji kunywa siku za mchezo. Aliutumia ulevi alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mhusika, akamvika mtu. Hivyo ndivyo nusu zake mbili zilivyoungana: mtunzi alimtungia kiongozi uongo, na kiongozi akautangaza.

Kikundi hakikufungwa. Hakuna aliyekivunja. Jioni iliyofuata hakuja mtu, na mgambo walipotumwa walirudi wakasema watu wote wanaumwa. Musoma hatukwenda. Bibi Ghati hakukaa tena nyuma ya ghala, kwa kuwa hapakuwa na cha kusikiliza. Mwita alihamisha bucha yake, akaelekea Nyamongo, ambako wachimbaji walikula nyama kila siku. Baba alipata cheo cha wilayani kabla mvua hazijaanza.

Mimi leo nina ofisi. Nashughulikia utumishi katika taasisi moja ya umma Tarime: likizo, uhamisho, nidhamu. Siku zisizo za kazi natengeneza filamu fupi, kwa kamera niliyojifunza kuitengeneza mwenyewe ikiharibika. Watu hunialika kwenye semina niwaeleze vijana jinsi ya kuweka uwiano kati ya utawala na sanaa. Huwa nawasikiliza wasemaji wanaonitangulia. Wana suti nzuri na maneno ya baba, karibu yote: kiongozi mbunifu, kipaji na cheo, nusu na nusu. Wameandika shairi moja la kumkaribisha waziri na wanajiita wasanii. Sijawahi kusikia mmoja wao akieleza atafanya nini siku nusu hizo mbili zitakapokutana uwanjani na mtu akamuuliza anayesema ni nani. Kuwa na kazi mbili ni jambo la ratiba, na ratiba anaweza kuipanga yeyote.

Mwaka huu baba alitunukiwa cheti Mugumu, pamoja na wastaafu wengine waliolea sanaa wakiwa madarakani. Ofisi yangu iliombwa kusaidia kurekodi, na nilipangwa mimi. Ni mzee sasa, sauti bado nzuri. Alisimulia msimu ule kwa ucheshi mkubwa, watu wakacheka. Alipofika kwenye mchezo wa mgeni rasmi alisema kulikuwa na kijana mmoja, fundi kweli kweli, ila pombe ilimwangusha siku muhimu kuliko zote. Alitikisa kichwa kwa huruma. Nilirekodi yote.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya kikazi Nyamongo. Nilipomaliza nilimwomba dereva anipeleke kwa Mzee Mwita, anayeishi nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda la mwanawe. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama, akalitazama gari la ofisi lenye nembo mlangoni, dereva wake amewasha kiyoyozi. Nilimweleza kwamba nataka kupiga filamu ya mchezo ule, na yeye ndani yake. Alicheka kwanza.

"Kamera yako haina wakwe?"

Nilimwambia ina wakwe wa nchi nzima. Akasema basi haina neno, maana wa kwake wamekwisha, Bibi Ghati na dada zake wote wamezikwa, hakuna tena aliyebaki wa kumwonea haya. Kisha kicheko kikamwisha.

"Bhoke, mwanangu. Leo umekuja nani?"

Niliaga, nikapanda gari, nikalirudisha Tarime. Jumamosi nikarudi kwa bodaboda, kamera mgongoni, vumbi hadi kwenye meno. Alikuwa amenyoa ndevu. Nyuma ya duka palikuwa na ukuta wa bati, na aliuchagua yeye. "Kaa pale pale ulipokaa siku ile," alisema. Niliegemeza mgongo kwenye bati la moto, nikawasha kamera. Akaenda mbali kidogo, akaingia akipepesuka, na safari hii matusi yote aliyatoa kwa sauti, mafundi wa pikipiki wakaacha spana zao wakaja kusimama nyuma yake. Wao waliona mgongo. Alipomaliza alibaki amenitazama, fimbo juu, jasho kidevuni, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisubiri.

"Baba, wale ng'ombe walikuwa mimi," nilisema.

"Umechelewa sana," alisema Mwita, akashusha fimbo.

Simu yangu ilikuwa ikilia ndani ya mkoba. Alikuwa baba, bila shaka akitaka kujua video ya cheti chake itakuwa tayari lini. Niliiacha ilie. Video hiyo ni kazi ya ofisi, na ofisi hufunguliwa Jumatatu.